Unataka kuanza larpu ila unaogopa watu watasemaje

Nikimwambia mtu kwamba wikiendi nacheza larpu, yaani gemu ya kuigiza ambapo kila mtu anakuwa mhusika wa kubuni, navaa joho na kukimbizana msituni na watu wazima wenzangu, swali la kwanza ni kama tuna akili timamu na la pili ni kama sio mambo ya kishetani. Hili la pili lina historia yake. Dungeons & Dragons, ile gemu ya kuigiza wahusika kwa kukaa mezani na kurusha dadu, ilitoka 1974, halafu 1979 mwanafunzi mmoja huko Michigan akapotea, magazeti yakaibebesha gemu lawama, kumbe kijana alikuwa na msongo wake mwingine kabisa, lakini nani alifuatilia mpaka mwisho? 1983 kikaanzishwa hata chama cha kuipinga, kikidai ni mambo ya kishetani. Sisi wa larpu, ambao tunacheza kwa miili yetu badala ya dadu, tumerithi kesi hiyohiyo.

Kwanza usinunue kitu. Waandaaji wengi wanatafuta watu wa kujitolea kucheza mazimwi na majambazi, unapewa mavazi, unauawa, unarudi kama jambazi mwingine. Ukiwa mwoga hapo ndo pazuri, kila mtu anaangalia zimwi, hamna anayekuangalia wewe.

Ukija kutunga mhusika wako, mpe shida inayomlazimisha kuongea na watu. Mi ni mtu wa pembeni na simu yangu, nikacheza mdai madeni, na mdai madeni hawezi kukaa pembeni! Nilifoka mbele ya umati na hakuna kilichonipata, tangu hapo hata kwenye vikao vya kazini nanyoosha mkono. Sidai ni tiba.

Sasa, kuvaa uhusika ni rahisi, kuuvua ndo shughuli. Rafiki yako amekusaliti ndani ya gemu, Jumatatu bado hutaki kujibu meseji zake, au umependana na mtu mle ndani af moyo haujui kwamba gemu imeisha. Hujachanganyikiwa, inatokea kwa wengi sana. Ila gemu ikiisha usikimbilie kuondoka, vua mavazi, itaneni majina ya kweli, mtafute yule mliyegombana naye, mkale chakula pamoja. Siku zinazofuata unaweza kujisikia mpweke mpweke hivi, we tulia tu, wiki hiyo usiache kazi wala usimwache mtu.

Na kabla hujajisajili uliza wanasimamishaje gemu mtu akizidiwa. Skandinavia wana neno kutt la kusimamisha kila kitu, na brems la kupunguza makali. Kwingine mtu akionekana kuzidiwa unamwonyesha ishara ya OK kwa vidole, akijibu kwa dole gumba juu mnaendelea, akijibu vingine unamtoa pembeni. Kundi lisilo na kitu kama hicho, au linalokucheka ukisimamisha, achana nalo hata kama mavazi yao ni moto.

Nyumbani usianze kuwahubiria. Wape upanga waushike, waone ni kijiti cha faiba kilichovikwa povu na mpira laini, waache wapigane nao sebuleni, isipokuwa kichwani maana gemu nyingi hata sisi haturuhusiwi. Wakimaliza waambie wasiusimamishe kwa ncha ukutani, unapinda.