Kabla ya Kuliongezea Gari Chochote, Lipime

Karibu kila mtu anayelitazama gari langu kwa nia ya kutengeneza lake huanza kwa kuuliza habari za winchi, ile mashine ya kamba ya kulinasulia gari, au za taa zilizopangwa juu ya paa, au za lile bomba la hewa linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele. Swali la uzito haliji, ilhali kwa maoni yangu ndilo linalostahili kutangulia, kwa sababu kila kifaa kinachofungwa kwenye gari la porini huongeza kilo, na kilo hizo ndizo zinazovunja springi, zinazopasha injini moto, zinazolifanya gari lichelewe kusimama, na kulizamisha katika mchanga ambao lingeupita bila taabu kama lingebaki lilivyotoka kiwandani.

Sisi tunaoanzia safari zetu Malindi tuna sababu ya ziada ya kulifikiria jambo hili. Ukivuka daraja la Sabaki kuelekea kaskazini unakutana na mchanga wa Mambrui, kisha ukikata kwenda Ngomeni unapita kando ya mashamba ya chumvi. Ukipanda Marafa unaendesha juu ya udongo mwekundu uliochimbwa makorongo na mvua. Ukielekea Garsen na delta ya Mto Tana unaingia kwenye udongo mweusi ambao wakati wa masika hunata na kuteleza kwa pamoja. Upande wa magharibi, njia ya lango la Sala la mbuga ya Tsavo East ni vumbi na miiba, na kusini, ukiacha barabara kuu karibu na Gede au Watamu, vinjia vingi vimepita juu ya mawe ya matumbawe yenye makali. Gari linalotakiwa kuziweza njia zote hizo haliwezi kutengenezwa kwa kuiga picha za magari ya jangwani.

Chukua mfano wa gari ambalo uzito wa juu unaoruhusiwa na mtengenezaji ni kilo 2,800, na likiwa tupu, tangi limejaa mafuta, lina kilo 2,150. Umebakiwa na kilo 650. Bampa ya chuma inakula kilo 60, winchi 35, keria ya paa 40, hema la paa 60, betri ya pili 28, friji tupu 20, maji lita 60 ni kilo 60, na jerikani mbili za diseli ni takriban kilo 42 pamoja na makopo yake. Hapo zimekwenda kilo 345. Wapandishe watu wanne wenye wastani wa kilo 70, umefika 625, na bado hujatia sufuria, jeki, vifaa vya fundi, nguo wala chakula. Hesabu hii ifanyike kwenye karatasi kabla ya pesa kutoka mfukoni. Mimi nililipeleka gari langu kwenye mizani ya malori likiwa limepakiwa kana kwamba tunaondoka kesho, na nikaomba ekseli ya mbele na ya nyuma zipimwe mbalimbali, kwa kuwa gari linaweza kuwa ndani ya uzito wake wote na huku ekseli ya nyuma imezidiwa.

Baada ya mizani, fedha ya kwanza iende kwenye matairi. Hakuna badiliko jingine linaloleta faida kubwa kama hilo kwa gharama inayokaribiana nalo. Kwa njia zetu nashauri matairi ya barabara zote, yale yanayoandikwa AT, na si yale ya matope yenye meno makubwa, isipokuwa kwa mtu anayeishi au kufanya kazi kwenye udongo mweusi mwaka mzima. Tairi la matope hupiga kelele kwenye lami, huchimba mchanga badala ya kuelea juu yake, na kwenye barabara ya lami iliyolowa hushika vibaya zaidi. Jambo la kuchunguza dukani ni ubavu wa tairi, kwa kuwa miiba ya migunga hutoboa uso wa tairi na tundu hilo huzibika kwa plagi mahali hapo hapo, lakini jiwe la tumbawe hupasua ubavu, na ubavu uliopasuka hauna plagi. Soma pia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani miaka sita kwenye joto letu si jipya, hata kama bado lina vinyweleo vya kiwandani.

Wengi hutaka tairi kubwa zaidi ili gari liinuke. Hebu tuangalie linainuka kiasi gani. Tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha takriban milimita 777, na la 265/75R16 lina 804. Tofauti ni milimita 27, ila ekseli huinuka nusu ya hiyo tu, yaani hata sentimita moja na nusu haifiki. Kwa malipo ya hiyo sentimita moja na ushei, injini inapata mzigo zaidi kila inapoanza kuvuta, na spidomita iliyokuwa sahihi itaonyesha 100 wakati gari linakwenda 103. Tairi la ukubwa ule ule wa kiwandani, lenye ubavu imara, lingeniridhisha zaidi.

Kisha kuna upepo. Huu ndio ufundi wa bure ambao watu huupuuza wakakimbilia kununua vyuma. Kwenye lami, gari lililopakiwa litahitaji psi 35 hivi (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi), au kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema. Kwenye barabara ya changarawe iliyojaa matuta madogo madogo punguza hadi 28 na mwendo upungue pia. Kwenye mchanga laini shuka hadi 18, na ikibidi 15. Tairi lililopunguzwa upepo hurefuka pale linapogusa ardhi na kuugawanya uzito wa gari. Usikate kona kwa ghafla ukiwa na psi 15, kwa sababu tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu, wala usirudi kwenye lami kabla ya kujaza, maana tairi lenye upepo mdogo kwenye mwendo wa kasi hupata moto ndani hadi likapasuka. Kwa hiyo kompresa ni ya lazima, na iwe ile inayobanwa moja kwa moja kwenye betri, kwa kuwa zile za kuchomeka kwenye kiwashio cha sigara huunguza fyuzi au huchukua muda mrefu sana kujaza tairi moja la ukubwa huu.

Nikiwa kwenye habari ya mchanga, niseme wazi kwamba ufuo si uwanja wa mazoezi. Kasa hutaga mayai kwenye fukwe za Watamu na Malindi, na gurudumu likipita juu ya kiota huponda kilichomo bila dereva kujua. Zaidi ya hayo maji ya bahari huingia kila mahali chini ya gari, jambo nitakalolirudia.

Springi zifuate matairi, na zichaguliwe kwa uzito uliopimwa, wala si kwa urefu unaotamaniwa. Nilipokwenda kufungiwa zangu, fundi alinitazama akaniuliza, "Bwana, hiyo mizigo yako wabeba kila siku, ama ni siku za safari pekee?" Ni swali la maana sana. Springi ya kubeba kilo 300 za ziada muda wote, ikifungwa kwenye gari linalotembea tupu kati ya soko na nyumbani, hulifanya liruke kama mbuzi na kushika barabara vibaya. Anayebeba mizigo mara chache tu katika mwaka atafaa zaidi na springi za wastani na shokomzoba nzuri, akapunguza mizigo. Kuinua gari kwa sentimita 5 kunatosha. Ikumbukwe kwamba kwenye gari lenye ekseli nzima, yaani ekseli moja inayounganisha magurudumu mawili, springi ndefu huinua bodi tu, lakini difu, lile bonge la gia lililo katika ekseli, inabaki pale pale ilipokuwa. Kinachoinua difu ni tairi. Na kwenye gari ambalo magurudumu ya mbele yamejitegemea, kila sentimita ya ziada huzidisha pembe ya shafti za mbele, mipira yake ikachanika mapema, vumbi likaingia. Baada ya kazi hiyo gari lipelekwe kupimwa mwelekeo wa magurudumu, na mipira ya breki ikaguliwe isije ikavutika gurudumu linaponing'inia.

Sasa winchi. Kanuni ya kawaida ni kwamba nguvu yake iwe mara moja na nusu ya uzito wa gari lililopakiwa, kwa hiyo gari la kilo 2,800 lahitaji winchi ya kilo 4,200 hivi, ambayo kwa kuwa nyingi huandikwa kwa ratili, ni ile ya 9,500. Nguvu hiyo hupatikana kamba ikiwa karibu yote imefunguliwa. Kadiri inavyojikunja juu ya gurudumu lake ndivyo nguvu inavyopungua. Lakini swali langu ni moja: utaifunga wapi? Kando ya Mto Galana kuna mikoma mikubwa na migunga ya maana, ila ukiuacha mto hatua chache kinachobaki ni vichaka vya miiba visivyoweza kuzuia hata ng'ombe. Kwa msafiri anayetoka na gari la pili, naona sepetu, mbao mbili za plastiki za kujinasulia na kamba ya mvuto yenye kunyumbuka zitamtoa sehemu nyingi, kwa uzito ulio chini ya nusu ya winchi. Kamba hiyo ifungwe kwenye ndoano zilizofungwa kwa bolti katika chesisi. Isifungwe kamwe kwenye kile kichuma cha mviringo cha kuvutia tela, kwa kuwa kikikatika huruka kwa kasi ya risasi na kimeshaua watu sehemu mbalimbali za dunia. Jeki nayo ibebewe ubao mpana, la sivyo itazama yenyewe kabla gari halijainuka.

Umeme wa kambini ni hesabu nyingine. Friji ya lita 40 katika joto la Malindi la mwezi wa Februari inaweza kula ampea-saa 40 (kipimo cha umeme unaotoka betrini) au zaidi kwa siku. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake, kwa hiyo una siku moja na kidogo. Paneli ya wati 120 iliyolala wazi juani hurudisha takriban ampea-saa 35 kwa siku, na ndiyo maana gari lililoegeshwa kivulini, jambo ambalo kila mwenye akili hulifanya, halipati chaji. Nunua paneli ya kukunja yenye waya mrefu uiweke juani mbali na gari. Betri za lithiamu ni nyepesi na huruhusu kutumiwa zaidi, ila zisiwekwe kwenye chumba cha injini kwa sababu ya joto. Fyuzi ikae karibu na betri, kabla waya haujapita popote, na waya uwe mnene.

Hema la paa sikulifunga. Linapendeza na ni jepesi kulifungua, lakini kilo 60 zikiwa juu kabisa ya gari huhisiwa kila ubavu unapoinama kwenye korongo la Marafa, na paa za magari mengi hazikuundwa kubeba zaidi ya kilo 75 hadi 100 gari likiwa linatembea, keria ikiwemo. Unyevu wetu pia hauvumilii turubai lililokunjwa bichi, ukungu hulila. Hema la chini lenye chandarua zuri na mkeka juu ya turubai limenitosha, pamoja na mtungi wa gesi wa kilo 6. Kwenye kambi za Tsavo East lipia mapema kwa njia ya mtandao, na ndani ya mbuga usiache njia zilizowekwa hata gari lako likiweza.

Bomba la hewa la juu lina faida kwetu zaidi kwa ajili ya vumbi kuliko maji, kwa vile mto wenye mamba na viboko haupaswi kuingiwa na gari lolote. Taa za paa humulika boneti na vumbi; mbili nzuri kwenye bampa zinatosha.

Ukibadilisha bodi, injini au rangi, taarifa zake zifike NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili kitabu cha gari kilingane na gari lenyewe, na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi.

Mwisho ni kutu, ambayo kwa mkazi wa pwani ingestahili kuwekwa sambamba na matairi. Upepo wa kusi na wa kaskazi hubeba chumvi hadi kwa gari lililolala uani, na safari moja ya Ngomeni kukiwa na matope ya mashamba ya chumvi huacha tabaka linaloshikilia unyevu ndani ya chesisi kwa wiki nzima. Gari lioshwe chini siku ile ile ya kurudi, bomba likiingizwa katika matundu ya chesisi hadi maji yatoke safi upande wa pili. Muulize mwosha magari maji yake yanatoka wapi, kwa kuwa visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvi, na kuoshea hayo ni kuongeza ulichokuja kukiondoa. Likishakauka, pulizia mafuta ya lanolini au nta ndani ya chesisi. Mafuta machafu ya injini, ambayo mafundi wengi huyapendekeza kwa sababu ni ya bure, huharibu bushi za mpira na kudondoka ardhini. Mahali keria ya aluminiamu inapokutana na bolti za chuma, weka washa za plastiki na grisi, kwani metali mbili tofauti zikikutana penye chumvi moja hulika. Vituo vya waya vya kurudishia umeme kwenye bodi vipakwe mafuta ya mgando. Halafu bolti zote za springi mpya zikazwe upya baada ya kilomita kama 500 za kwanza, kwa kipimo cha fundi na si kwa nguvu za mkono.