Kuosha Skrini ya Kuprinti Nyumbani Ukaitumia Tena

Skrini nyingi zinazotupwa jalalani bado ni nzima. Meshi, yaani kitambaa cha wavu kinachopitisha wino, haijachanika, fremu haijapinda, ila matundu yamezibwa na wino uliokauka au na emalsheni (dawa inayokazwa kwa mwanga ili kuziba matundu yasiyo ya picha) iliyokataa kutoka, na mwenye kazi amechoka kusugua. Kwa anayeprinti sebuleni Migosi, Kisumu, au kwenye veranda huko Kakamega, kununua fremu mpya kila mara kunameza faida yote ya kazi ndogo: tisheti 20 za kwaya, 30 za matanga, mifuko michache ya duka. Skrini moja ya polista hubeba kazi nyingi mfululizo ikioshwa kwa mpangilio, na usipoacha kitu chochote kikaukie juu yake.

Mpangilio wenyewe ni huu: wino kwanza, kisha mafuta, kisha emalsheni, na kivuli cha picha ya zamani mwisho. Usiupindue. Dawa ya kutoa emalsheni ni ya maji. Ikikuta utando wa wino au wa mafuta taa juu ya emalsheni, inateleza juujuu bila kupenya. Hapo ndipo mtu huongeza dawa, akaongeza nguvu za mkono, na kinachochanika ni meshi.

Jua kitambaa ulichonacho

Ukinunua skrini ya mtumba au ukijitengenezea kwa kitambaa cha dukani, kata uzi mmoja pembezoni, upeleke mbali na fremu, uuchome kwa kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika, hiyo ni hariri, na Jik (dawa ya kung'arishia nguo nyeupe) itaila. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, ni polista au nailoni. Nailoni hunywa maji na kulegea ikilowa, kwa hiyo picha yenye mistari myembamba huyumba. Polista ndiyo ya kazi. Organza ya maduka ya vitambaa mara nyingi ni polista pia na inafaa kwa kujifunzia, lakini nyuzi zake husogea ukisugua kwa nguvu na matundu hayabaki sawa. Usitegemee kuitoa emalsheni mara nyingi.

Tazama namba ya meshi pia. 43T, yaani nyuzi 43 kwa sentimita, ndiyo ya tisheti na maandishi makubwa, na husafishika kwa urahisi. 77T ni ya picha laini zaidi. 120T inafaa karatasi na kadi, ila matundu yake ni madogo sana na wino wa maji ukikaukia humo una kazi. Anayeanza aanze na 43T.

Fremu ya mbao ipakwe vanishi ya kuzuia maji mara mbili kabla ya kazi ya kwanza, hasa kwenye maungio. Mbao tupu hunywa maji kila unapoosha, hupinda, na fremu iliyopinda hailali sawa juu ya nguo hata meshi ikiwa safi kama mpya.

Wino

Kuosha huanza ungali unaprinti. Joto la mchana la Kisumu hukausha wino wa maji ndani ya matundu upesi, na ishara ya kwanza ni mistari myembamba ya picha kukatika. Baada ya kila mvuto, rudisha wino kwa skwiji (ubapa wa mpira wa kuvutia wino) bila kukandamiza ili picha ibaki imefunikwa. Weka chupa ya kunyunyizia maji karibu, unyunyize manyunyu kidogo tu, kwa kuwa maji mengi hufanya wino uvuje kando ya picha. Usikae na feni inayopuliza moja kwa moja mezani. Ukiitwa kula, osha kwanza.

Kazi ikiisha, kwangua wino uliobaki kwa kipande cha plastiki au kadi ngumu na uurudishe mkebeni. Ng'oa selotepu yote uliyozibia pembeni sasa hivi, kwani gundi yake ikilowa hubaki imeng'ang'ania kwenye meshi. Gundi iliyobaki futa kwa tambara lenye mafuta taa kidogo.

Wino wa maji: maji baridi, pande zote mbili, sponji laini, mpaka maji yatoke meupe. Inua fremu uitazame dhidi ya mwanga. Sehemu ya picha inatakiwa ionekane wazi, tundu kwa tundu. Ukiona ukungu wa rangi, rudia papo hapo. Kama umechelewa na wino umekauka, weka spiriti ya dukani kwenye tambara moja upande wa chini na jingine juu, zisugue zikikutana. Nyingi za wino wa maji zina akriliki, na spiriti huilegeza. Maji ya moto hayasaidii hapa.

Plastisoli, wino wa plastiki usio na maji, ni tofauti. Haikauki ikiwa kwenye skrini, inaiva kwa joto la takriban nyuzi 160 za Selsiasi, hivyo huna haraka. Ila maji hayaigusi. Futa kwa tambara lenye mafuta taa au tapentaini, mara mbili au tatu kwa tambara jipya kila mara. Wino wa thina unaoprintiwa kwenye stika na plastiki unahitaji thina yenyewe, nje ya nyumba, mbali na jiko la makaa na bila sigara. Petroli usiiguse kabisa. Mvuke wake hutambaa chini hadi kwenye moto ulio mbali na wewe.

Mafuta

Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo chanzo cha kesi nyingi za "dawa haifanyi kazi". Mafuta taa huacha utando. Sabuni ya mche nayo ina mafuta, na sabuni za kuoshea vyombo zilizoongezwa vilainishi vya mikono huacha masalio. Tumia sabuni ya unga isiyo na kilainishi, kijiko kimoja cha mezani kwa lita mbili za maji, brashi laini ya nailoni, pande zote mbili, kisha suuza mpaka povu liishe kabisa.

Kipimo chake ni rahisi. Mwagia maji safi meshi ikiwa imesimama. Kwenye meshi isiyo na mafuta maji hutanda kama karatasi moja, kisha hushuka polepole yakiwa yameshikana. Penye mafuta, karatasi hiyo hutoboka na maji hujikunja kuwa matone, na unaona kabisa umbo la alama ya kidole au pale tambara lilipopita. Penye matone, rudia. Kipimo hichohicho utakitumia tena kabla ya kupaka emalsheni mpya, maana penye mafuta emalsheni hukimbia na kuacha vitundu vitakavyovujisha wino kwenye tisheti nyeupe.

Emalsheni

Kabla ya yote, jiulize kama kazi ile itarudi. Nembo ya shule, kanisa au chama inayoprintiwa kila muhula haina haja ya kutolewa. Osha wino na mafuta, kausha, andika jina la kazi kwenye fremu, isimamishe mahali pakavu. Lakini ujue kuwa emalsheni iliyokaa mwaka mzima hutoka kwa shida kuliko ya wiki iliyopita. Tisheti za kampeni za Agosti 2027 hazirudi. Toa emalsheni siku hiyohiyo.

Dawa bora ni unga wa sodiamu metaperiodeti, unaouzwa na wauza vifaa vya kuprinti. Kama lebo haisemi vingine, gramu 20 kwa lita moja ya maji zinatosha. Lowesha skrini kwanza, paka dawa pande zote mbili kwa sponji, ngoja dakika moja hadi mbili. Utaona emalsheni ikilegea, ikianza kuteleza kama ngozi ya maziwa. Sugua kwa brashi laini, kisha suuza kwa maji yenye kasi.

Jambo moja tu linaweza kuharibu kila kitu hapa: dawa kukaukia juu ya skrini. Ikikauka, emalsheni inafungika humo na haitoki tena, kwa dawa hiyo wala nyingine. Kwa hiyo fanyia kivulini, skrini moja kwa wakati mmoja, na kama simu inalia, iache ilie. Unga huo pia huchochea moto. Usiuweke rafu moja na matambara ya mafuta taa.

Kama huna, Jik ya kawaida, ambayo ina hipokloriti karibu asilimia 3.5, hutoa emalsheni nyingi za aina ya diazo (kemikali inayozifanya zikazwe na mwanga) kutoka kwenye polista. Changanya sehemu moja ya Jik na moja ya maji, laza skrini kwenye beseni, ngoja dakika tano hadi kumi, sugua, suuza, rudia. Ni ya polepole, huumiza mikono na macho, na huchimba fremu ya alumini ukiiachia humo. Mimi ningeitumia kwa dharura tu. Vaa glovu na fanyia nje. Wapo wanaoshauri kumwagia siki baada ya Jik ili kuua harufu. Usithubutu: Jik na asidi yoyote, iwe siki au dawa ya choo, hutoa gesi ya klorini.

Kwa kasi ya maji, wenye mashine ya car wash mtaani wanaweza kukufanyia, ila waambie washike mdomo wa mpira sentimita 30 kutoka kwenye meshi wala wasilenge pembe za fremu zilizopigwa pini. Nyumbani pasipo na mfereji, pampu ya mgongoni ya duka la agroveti hufanya kazi nzuri ajabu, na mtungi mmoja wa lita 20 huweza kutosha fremu ya A3. Iwe mpya. Pampu iliyowahi kubeba dawa ya magugu ibaki shambani.

Emalsheni ikikataa, sababu huwa moja kati ya hizi. Haikupigwa mwanga wa kutosha, kwa hiyo ikanywa wino na thina na kujifunga. Utaijua kwa ule utelezi wa ndani ulipokuwa ukisafisha picha mara ya kwanza. Kinga yake ni kuianika skrini juani nusu saa baada ya picha kutoka na meshi kukauka, kabla ya kuprinti. Jambo hilo linaimarisha picha na, baadaye, linarahisisha kuitoa. Au ilitiwa hadena, dawa ya kuikaza zaidi, kwa kazi ya tisheti mamia. Hiyo haitoki, na iliyotiwa hadena uihesabu kuwa ni ya kazi ile tu. Au bado kuna mafuta juu yake. Rudi kwenye kipimo cha maji.

Wanaojitengenezea emalsheni kwa kuchanganya gundi nyeupe na baikrometi kwa sababu ni rahisi wajue kwamba chumvi hiyo ya kromiamu husababisha saratani. Nyumbani kwenye watoto si mahali pake.

Kivuli

Picha ya zamani ikionekana kama doa, usihangaike mara moja. Tazama dhidi ya mwanga. Kama matundu yako wazi, ni rangi tu iliyoingia kwenye uzi na haitaonekana kwenye kazi mpya. Kama yamezibika, rudia spiriti au thina, kutegemea wino uliotumia. Watu hukimbilia kostiki soda, kwa kuwa inapatikana kwa watengeneza sabuni. Inafanya kazi, lakini hula polista taratibu na hushambulia alumini hapohapo ikitoa gesi inayowaka. Kwenye fremu ya mbao, na kama lazima, iwe kwa dakika chache, ukiwa na miwani na glovu, na unga uingizwe kwenye maji, kamwe si maji kwenye unga. Spanji ya waya na ile ya kijani ya kusugulia sufuria zikae jikoni.

Maji machafu

Mitaro ya Kisumu huishia Ghuba ya Winam, na Ziwa Nakuru halina mto unaotoka, kilichoingia kimeingia. Futa wino mwingi kwa tambara kabla maji hayajaugusa. Maji ya kuoshea yaache yatuame kwenye ndoo usiku kucha, chuja kwa tisheti kuukuu, tope likauke litupwe na taka ngumu. Mafuta taa na thina zilizotumika hazimwagwi chooni, hasa mitaa kama Nyalenda ambako visima vya kina kifupi viko hatua chache kutoka kwenye vyoo. Ziweke kwenye chupa yenye kifuniko, uchafu utazama chini, na sehemu safi ya juu utaitumia tena kufutia wino.

Kabla ya kupaka upya

Kausha skrini kabisa. Kakamega msimu wa mvua, meshi inayoonekana kavu huwa bado na unyevu kwenye ukingo wa mbao, na unyevu huo huzuia emalsheni kushika pembeni. Iache usiku mzima ndani ya chumba kisicho na vumbi.

Kisha bonyeza katikati kwa kidole. Meshi inatakiwa kurudi mara moja na ukiigonga isikike kama ngoma ndogo. Ikibonyea na kubaki, au ikikunjamana pembeni, imelegea, na hakuna kuosha kutakakoirudisha. Kitundu kimoja kilicho mbali na picha kinazibwa kwa rangi ya kucha pande zote mbili. Kilicho ndani ya picha kimemaliza meshi hiyo. Ng'oa pini, hifadhi fremu, vuta meshi mpya ukianzia katikati ya kila upande kwenda pembeni, upande huu kisha ule unaotazamana nao, pini zikikaa kwa mshazari ili uzi mmoja usibebe mzigo wa pini mbili.