Lengo la Mwaka 2045 Lisilo na Hatua za Kati

SWALI: Ninafanya kazi katika ofisi ya mipango ya mji mmoja mdogo nchini Ujerumani, na tunaandaa mkakati wa maendeleo endelevu hadi mwaka 2045. Mshauri elekezi wetu anataka tuweke lengo kubwa la mwisho peke yake, na hatua za kati tuyaachie mabaraza yajayo, kwa kuwa teknolojia itakuwa imebadilika. Je, ushauri huo unafaa?

JIBU: Haufai, na inashangaza kwamba bado unauzwa katika nchi ambayo Mahakama yake ya Katiba imekwisha kuukataa. Sheria ya tabianchi ya Desemba 2019 ilipanga upunguzaji wa gesijoto hadi mwaka 2030 tu, na miaka iliyofuata ikaachwa bila ratiba ya kueleweka. Walalamikaji, wengi wao vijana, walikwenda mahakamani, na tarehe 24 Machi 2021 mahakama ikaamua kwamba kuusukuma mzigo mbele kiasi hicho kunahatarisha uhuru wa watakaoubeba. Mwaka huohuo bunge liliirekebisha sheria: upunguzaji wa 55% uliotakiwa kufikia 2030 ukapandishwa hadi 65%, kikaongezwa kiwango cha 88% kwa mwaka 2040, na ukomo wa kufika sifuri, yaani kutoongeza tena gesijoto angani, ukasogezwa karibu kutoka 2050 hadi 2045. Mwaka mnaoutumia, basi, ulitokana na hukumu iliyodai ratiba, na mshauri wenu anataka kuubakiza huku ratiba yenyewe akiitupa.

Hoja yake ya teknolojia ni kisingizio. Boila ya gesi itakayofungwa shuleni mwaka huu inaweza kutumika kwa miaka ishirini, kwa hiyo sehemu ya hali yenu ya 2045 inaamuliwa katika zabuni iliyoko mezani sasa. Isitoshe, hewa ya ukaa hujilimbikiza angani: miji miwili inaweza kufika sifuri mwaka mmoja, lakini ule uliongoja hadi dakika za mwisho ukawa umechafua maradufu.

Kosa linalonichosha zaidi ni dhana kwamba sera huwa ya muda mrefu kwa sababu imeandikwa mwaka wa mbali kwenye jalada. Waholanzi, baada ya mafuriko ya 1953 yaliyoua watu 1,836, hawakutegemea majalada. Tangu 2012 wana sheria inayoweka kamishna wa programu ya Delta, yaani mpango wa taifa wa kujikinga na mafuriko, na mfuko wake maalumu, na kila Septemba taarifa ya programu hiyo hufika bungeni pamoja na bajeti ya serikali. Lengo lao la 2050 ni kwamba hatari ya mtu anayeishi nyuma ya tuta kufa kwa mafuriko isizidi moja kati ya 100,000 kwa mwaka, na kila tuta hukaguliwa kwa kipimo kinachotokana na lengo hilo. Serikali hubadilika, lakini kasma, yaani fungu la fedha, ipo na anayewajibika anajulikana.

Linganisha na lengo la Umoja wa Ulaya la kutumia 3% ya pato lake katika utafiti na ubunifu. Liliwekwa mwaka 2002 litimie 2010, likahamishiwa 2020, na muda huo nao ukapita bila kutimia. Wauzaji wa dira zenye picha za mitambo ya upepo hawalitaji kamwe.

Hata utaratibu wenye meno hung'olewa. Hungaria ilianzisha ofisi huru ya kamishna wa vizazi vijavyo mwaka 2008, na 2012 ikaimezesha ndani ya ofisi nyingine. Huko kwenu Ujerumani, wizara ya uchukuzi ilipovuka kiwango cha gesijoto ambacho sekta yake ilipangiwa kwa mwaka iliwasilisha mpango wa dharura, na Agosti 2022 baraza la wataalamu likautangaza kuwa hautoshi hata kufanyiwa tathmini kamili. Kilichofuata ni sheria kulegezwa mwaka 2024, hivi kwamba sekta inayochelewa sasa inaweza kujificha nyuma ya nyingine iliyofanya vizuri. Yeyote anayeletewa mkakati wa namna hii, wa mji au wa taifa, atafute kwanza kifungu kinachosema nani atafanya nini pindi kiwango cha mwaka kinapokosekana, kisha aulize ni kura ngapi zinatosha kukifuta.