Maswali ya Wasomaji: Stempu za Babu

SWALI: Marehemu babu yangu, mkazi wa Mji wa Kale, ameniachia sanduku la bahasha kuukuu zenye stempu. Wenzangu wananicheka ninapozikusanya. Je, zina maana gani? – Msomaji, Kizingo, Mombasa

JIBU: Waache wacheke. Kabla ya mwaka 1840, Uingereza ilipotoa stempu ya kwanza duniani yenye sura ya Malkia Victoria, gharama ya barua kwa kawaida ililipwa na mpokeaji, ambaye aliweza kuikataa na kuwaachia posta hasara. Karatasi hiyo ndogo yenye gundi ikamfanya mtumaji alipe kwanza.

Wewe una bahati ya kuishi Mombasa, mji ambao mwaka 1890 ulikuwa makao makuu ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyoanza kwa kupiga chapa ya jina lake juu ya stempu za Uingereza, kisha mwaka huohuo ikatoa zake zenye jua na taji, kwa thamani za sarafu ya rupia. Kuanzia 1935, Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja, na huenda ndizo nyingi sandukuni mwako.

Nakusihi usizibandue. Muhuri wa posta unaoonyesha mji na tarehe, ukibaki juu ya bahasha, mara nyingi humvutia mkusanyaji (nami nikiwemo) kuliko stempu yenyewe. Zihifadhi pakavu, maana unyevu wa pwani yetu huamsha gundi na kuleta ukungu.