Njia yako ilikuwa fupi kwa kilomita nne

Shangazi,

Nina miaka 42, nimeoa, nafanya kazi katika sacco hapa Nakuru. Nilizaliwa karibu na Kapsabet, na tangu niajiriwe watu huniuliza nakimbia mbio gani. Sikimbii zozote. Kilomita 10 hunichukua dakika 70, na hapo nimejikaza. Agosti iliyopita ofisi ilitulipia tuingie mbio za barabarani za hapa mjini. Kufika kilomita ya tatu pumzi zikaniisha. Nikaona boda imesimama pembeni, nikapanda, ikanishusha karibu na kilomita ya saba. Nilimaliza kwa dakika 50, nikatangazwa wa tatu katika kundi la wafanyakazi wa miaka 40 na zaidi. Nilipewa bahasha ya shilingi 3,000 na thamosi. Sasa bosi amenisajili mbio za kilomita 21 za Novemba, baba mkwe ametumiwa picha, na yule kijana wa boda akiniona ananiita "Champ" na kuomba mia mbili. Mke wangu hajasema kitu, ila alipokuwa akisafisha viatu vyangu aliuliza kama barabara yote ilikuwa lami. Nafikiria kusema nimeumia goti. Nifanyeje?

Mtoto wa Nandi, Nakuru

Mwanangu,

Goti liache, halijakukosea. Ukisema limeumia itabidi uchechemee ofisini, siku moja utasahau ni mguu upi, na mwakani bosi atakusajili tena kwa kuwa magoti hupona. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee. Yako ilikuwa fupi kwa kilomita nne.

Kuna mahali nitakutetea. Ni kweli Nandi ndiko alikotoka Kipchoge Keino aliyeshinda mita 1,500 kule Mexico mwaka 1968, na ndiko alikozaliwa Eliud Kipchoge. Lakini Nandi hiyohiyo imejaa wachuma chai, walimu, mafundi cherehani na makarani wanaohema wakifika orofa ya pili. Mwenzako aliyetoka Homa Bay haulizwi kila Jumatatu amevua samaki wangapi. Utani huo umekuandama miaka mingi, nawe badala ya kuujibu ukajaribu kuufanya uwe kweli. Naelewa. Siku ya mbio nina hakika uliondoka kwa kasi ya vijana wa mbele ili wafanyakazi wenzako wakuone ungali nao, na mji huu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hapa ukianza kwa kiburi mapafu yanakudai mapema.

Kupanda boda kwenyewe, nikwambie ukweli, hakukuwa kosa. Tarehe 10 Agosti 2024, katika marathoni ya Olimpiki mjini Paris, Eliud Kipchoge alizidiwa na maumivu akaacha mbio baada ya kilomita 30 hivi. Hakuwa amewahi kuacha marathoni hata moja. Alitembea huku umati ukimfuata, akagawa jezi, viatu, soksi, hata namba yake, kisha akapanda gari. Hakuna aliyemwona mwizi, kwa sababu gari lile halikumshusha kichochoroni karibu na utepe. Nawe ulikuwa na haki ya kukaa juu ya ile pikipiki hadi uwanjani, ushuke mbele ya watu, uvue namba ya kifuani, useme "leo imenishinda" na uchukue ndizi yako kama wengine. Kosa lilianza uliposhuka kilomita ya saba ukaanza kukimbia tena, pengine ukijimwagia maji usoni ili uonekane una jasho. (Hilo la maji nimelikisia tu. Lakini mwaka 2014, katika marathoni ya Nairobi, mtu aliyejichomeka karibu na mwisho na kumaliza wa pili alitiliwa shaka kwa sababu hakuonekana kutoka jasho. Watu wana macho.)

Kinachonikera katika barua yako ni kingine. Umeniandikia habari za bosi, baba mkwe, mke na kijana wa boda. Mtu mmoja hukumgusa kabisa: yule aliyemaliza wa nne.

Mimi simjui. Najua alikuwa na miaka 40 au zaidi na ana kazi ya kwenda Jumatatu kama wewe. Na najua kutokana na swali la mkeo kwamba baada ya lami kulikuwa na murram, na Agosti hapa ni mwezi wa mvua, kwa hiyo alifika na matope hadi magotini. Alisimama pale akisubiri majina ya kundi lake, akasikia la kwanza, la pili, kisha likasomwa lako. Huenda hata alikupigia makofi. Thamosi inayomimina chai mezani kwako kila asubuhi ni yake. Wewe unahesabu aibu yako, na deni lako liko kwake.

Basi anza na mkeo, leo usiku, watoto wakishalala. Usidhani utampasulia jipya. Mwanamke aliyeshika kiatu kikavu siku ambayo mji mzima ulirudi na matope, akauliza swali moja tu na kunyamaza, hana haja ya kuambiwa. Anangoja kuona utamwachia mzigo huo hadi lini, hasa kwa kuwa picha iliyotumwa imefika kwa baba yake. Habari za baba mkwe mwachie yeye aamue zitasemwaje. Anamfahamu mzee wake kuliko wewe.

Kesho yake waandikie waandaaji. Maneno ya kuzungukazunguka hayahitajiki. Andika: "Jina langu ni fulani, namba yangu ilikuwa kadhaa. Sikukimbia kilomita nne za katikati, nilipanda pikipiki. Naomba mfute matokeo yangu, mpandishe aliyemaliza wa nne, na mnielekeze jinsi ya kumfikishia zawadi yake." Shilingi 3,000 zitoke mfukoni mwako, si kwenye pesa za matumizi ya nyumbani. Thamosi mliyokwisha kuitumia mbaki nayo, ununue mpya ya aina ileile. Huwezi kumpelekea mtu ushindi wake ukinuka tangawizi.

Halafu bosi. Mwone ana kwa ana kabla waandaaji hawajabadilisha orodha, kwa sababu sacco ilitoa ada na jina lake liko kwenye fulana yako. Atakasirika. Wenzako watakubandika jina, na kwa kuwa Nakuru ni Nakuru, jina hilo litakuwa "Boda" au "Stage", utaitwa hivyo hadi Krismasi. Itika. Anayeitika jina la utani huwanyima wenzake raha ya kumwita.

Unaogopa kwamba hutathubutu kusimama tena kwenye mstari wa kuanzia. Katika marathoni ya Olimpiki ya mwaka 1904 huko St. Louis, Marekani, mtu anayeitwa Fred Lorz alipata mkazo wa misuli akaingia kwenye gari. Alibebwa zaidi ya kilomita 15, gari likaharibika, akashuka na kukimbia hadi uwanjani, wakamshangilia kama mshindi. Alipofichuliwa alidai ulikuwa mzaha. Walimfungia, baadaye wakamsamehe, na mwaka uliofuata akashinda marathoni ya Boston kwa miguu yake mwenyewe. Wewe sikutarajii Boston. Nakutarajia Novemba, ila si kwenye kilomita 21. Mwombe bosi akuhamishe kwenye 10. Mtu wa dakika 70 akiburutwa kwenye 21 baada ya miezi michache ya woga ataitafuta pikipiki nyingine.

Kuanzia wiki hii toka mara tatu kwa wiki, alfajiri kabla matatu hazijajaa barabarani. Kimbia polepole kiasi cha kuweza kumsimulia mtu kisa kizima bila kukatika. Ukishindwa kusimulia, umezidisha. Kimbia dakika tano, tembea moja, rudia. Kipande cha kutembea kisikuaibishe, kipo ndani ya mpango. Siku ya mbio panga nyuma kabisa, pale wanaposimama akina mama wa chama na wazee wenye kofia, uwaache vijana wa Iten waondoke na vumbi lao. Ukimaliza kwa dakika 68, hizo zitakuwa zako, na utakaa na mtu yeyote ukizitaja.

Kijana wa boda umwache wa mwisho, baada ya mke, waandaaji na bosi kujua. Akikupigia honi na kuita "Champ", msalimie vizuri, mwambie ofisi nzima inajua, na kama unaelekea mjini mpe nauli ya kawaida akupeleke.