Kirukia, kimelea au mmea vamizi?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Miti ya kando ya barabara mjini imebeba mafungu ya majani mabichi yasiyo yake. Mti ukipukutika, mafungu hayo yanabaki kijani huko juu kama viota vikubwa. Mimi huuita mmea huo kimelea. Mwenzangu anasema ni kirukia. Bango lililowekwa chini ya miti linasema “miti imeathiriwa na mimea vamizi”. Nani kapatia? Tena, naweza kusema “mti umeota kirukia”, au ni kirukia ndicho kilichoota mtini?

JIBU: Marahaba. Mwenzako kapatia. Mmea huo ni kirukia, wingi wake virukia. Wewe hukukosea, ila umetaja ukoo pale ulipoulizwa jina. Bango ndilo lenye kosa, nitalifikia.

Tuanze na neno lako. Kimelea limetokana na mea, kitenzi kilekile kilichotupa mmea. Ukikipa kauli ya kutendea unapata melea, yaani kumea mahali fulani au juu ya kitu fulani. (Hiyo “l” haikutoka hewani. Ni ya zamani, hujificha kwenye mea na kujitokeza kwenye melea, kama inavyofanya kwenye toa na tolea, zaa na zalia.) Kwa asili yake, basi, kimelea ni kitu kilichomea juu ya kingine. Lakini wataalamu wa afya wamelitumia sana, mpaka leo ukisema vimelea, msikilizaji anafikiria malaria, minyoo na vidudu visivyoonekana kwa macho. Ukiandika “miti ya barabarani ina vimelea”, wengi watatafuta wadudu kwenye magome, na fungu lililoning’inia juu ya vichwa vyao hawataliona. Kwa hiyo kila kirukia ni kimelea, ila vimelea vingi si virukia.

Sasa kirukia. Hapa nakiri nina upendeleo, maana ni neno linalotazama. Ruka ni kuondoka chini. Rukia ni kuruka na kutua juu ya kitu, kama mbwa anavyomrukia mtu au kijana anavyorukia basi linaloondoka. Aliyeupa mmea huu jina aliona kwamba hauna shina linaloshuka ardhini wala mzizi unaopanda kutoka chini. Umetua tu juu ya tawi la mwenzake, kana kwamba umelirukia.

Na hajakosea sana. Mbegu ya kirukia kwa kawaida haianzii udongoni. Ndege hula tunda, na ndani yake mna mbegu iliyozungukwa na utelezi unaonata vibaya sana. Ndege huyo akisugua mdomo kwenye tawi ili kuubandua, mbegu inabaki pale. Au inapita tumboni na kutoka na kinyesi, ikining’inia kwa uzi wa ule utelezi mpaka iguse gome. Inapochipua, hutoa kidole kidogo cha kijani kinachojipinda kulitafuta tawi, kikabana, kikatoboa gome na kwenda kunyonya maji na chumvichumvi ndani ya mbao. Chakula kingine inajipikia yenyewe kwa majani yake mabichi, ndiyo maana wanabiolojia huiita kimelea nusu. Ule ukijani unaouona mti ukipukutika ni wake mwenyewe. Aina ya Ulaya, Viscum album, hufikia upana wa mita moja hivi, na hupenda miti ya mijini iliyosimama peke yake penye mwanga, ambako ndege hutua.

Kuna hata virukia vinavyoruka kwelikweli. Jamaa wadogo wa jenasi ya Arceuthobium, wanaoishi kwenye misonobari ya Amerika Kaskazini, tunda lao hujaa maji mpaka likaifyatua mbegu kwa kasi inayokaribia kilomita 100 kwa saa, ikatua mita 10 au zaidi kutoka pale. Aliyebuni neno letu hakuiona misonobari hiyo, lakini ningempa mkono.

Usichanganye tu kirukia na kirukanjia. Wote wawili wametoka kwa ruka, ila kirukanjia ni mtu asiyetulia mahali, na mara nyingi hutumika kumaanisha malaya. Nilishapata kusoma insha ya mwanafunzi iliyosema mwembe wa jirani “umejaa virukanjia”. Nilicheka kabla ya kuisahihisha.

Bango nalo. Mmea vamizi ni mmea ulioletwa kutoka kwingine, ukastawi kupita kiasi na kuibana mimea ya asili. Magugumaji ya Ziwa Victoria, yenye asili ya Amerika Kusini, ni mfano ambao kila mtu anaujua. Kirukia kinaweza kuwa cha hapohapo tangu zamani, kikaishi na ndege na wadudu wanaokitegemea. Kuota juu ya mti si kuvamia nchi. Mwandishi wa bango nadhani aliona kitu kimekaa pasipo pake, akachukua neno kali lililokuwa karibu.

Swali lako la pili ndilo lililonifurahisha. Semi zote mbili ni sahihi. Kitenzi ota kina tabia ya kukubali pande mbili: tunasema meno yameota, na pia mtoto ameota meno, chunusi zimeota usoni, na pia uso umeota chunusi. Anayebeba kilichoota anaweza kuwa kiima. Hivyo “kirukia kimeota mtini” inaeleza habari za kirukia, na “mti umeota kirukia” inaeleza hali ya mti. Mkata matawi anayekagua mti mmoja mmoja atasema ya pili, maana anachokihesabu ni miti.

Melea haina uhuru huo. Huwezi kusema “mti umemelea kirukia”, kwa sababu hapo mti ndio utakuwa umekwenda kumea juu ya kirukia. Sema “kirukia kimeumelea mti”, au ugeuze: “mti umemelewa na virukia”. Na tafadhali usiseme virukia “vimepandwa” juu ya miti, kama nilivyosikia redioni. Aliyevipanda ni ndege, na hakukusudia.

Ukiwa bado juu ya mti, jihadhari na majirani wa kirukia. Mlangamia nao ni kimelea, lakini ni nyuzinyuzi zisizo na majani zinazotambaa na kufunika vichaka. Si fungu lililokaa tawini. Mtambaa wowote wenye mizizi yake ardhini si kirukia, hata ukifika kileleni. Mlimbo ni jambo jingine kabisa: ni mti utoao ulimbo, ule utomvu wa kunasia ndege. Nalitaja kwa sababu wafasiri huteleza hapa. Kilatini kiliuita mmea huu viscum, na neno hilohilo lilikuwa jina la ulimbo, kwa kuwa matunda yake yalitumika kuutengeneza. Mfasiri akifuata kamusi ya Kilatini ataandika mlimbo, na msomaji atauona mti mwingine. Warumi walishika kile kinachonata, sisi tukashika kule kutua.

Umeongeza mwishoni mwa barua yako kwamba kuna mtu ofisini kwenu mnayetaka kumwita kirukia, kwa kuwa hula vya wenzake. Mtaeleweka, ila Kiswahili kina maneno yaliyokwisha kunolewa kwa kazi hiyo: mdoezi kwa anayevizia sahani ya mwenzake, na kupe kwa anayenyonya kwa muda mrefu, neno lililotumika mno katika siasa za Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967. Mdoezi ni wa utani. Kupe si wa utani, kwa hiyo pimeni.

Wenye bango wakikuomba ushauri, wape sentensi hii: “Miti hii imeota virukia. Matawi yaliyoshikwa yatapogolewa.” Neno matawi lisiachwe. Ukikwanyua kirukia chenyewe, sehemu iliyozama ndani ya mbao hubaki na kuchipua tena.