Jioni ya jibini Lyon: jibu kwa mnaouliza kutoka nyumbani

Ndugu zangu, kila picha ya meza ikitumwa huko, swali ni lile lile: "Kweli mnakaa masaa mkila jibini iliyooza, tena kwa hela yenu?" Kukaa tunakaa, hela tunatoa, ila kuoza haijaoza. Nitaeleza jinsi mambo yalivyo hapa Lyon, Ufaransa, maana vijana wanaojiandaa kuja wanahitaji kujua mapema.

Nianze na pesa, kwa sababu picha haionyeshi bili. Kwenye braseri ya kawaida, yaani mgahawa mkubwa wa Kifaransa, mlo wa jioni wa bei moja, yaani kianzio, chakula chenyewe, kisha jibini au kitamutamu, ni kama yuro 25 hadi 35. Mfanyakazi wa kima cha chini mwaka 2025 alibaki na yuro 1,426 hivi kwa mwezi baada ya makato, ambayo ni takriban yuro 9.40 kwa saa. Mlo mmoja ni kazi ya saa tatu hivi, na hapo hujaagiza kinywaji. Wengi wetu huenda siku ya sherehe au mgeni akija. Nyumbani msipimie maisha ya mtu kwa meza hiyo.

Bili hupanda zaidi kwenye vinywaji. Ukisema "maji" tu, huenda ukaletewa chupa ya kulipia. Sema "une carafe d'eau": ni jagi la maji ya bomba, safi, na haliongezwi kwenye bili. Mkate wa mlo nao haulipiwi. Gharama ya huduma imo tayari kwenye bei, kwa hiyo bakshishi ni hiari. Ukiacha yuro moja au mbili mhudumu atashukuru, usipoacha hukumdhulumu mtu. Bei lazima zibandikwe nje, basi zisome kabla hujavuka mlango.

Braseri zilianza kwa watengeneza bia. Ile kongwe ya hapa, Brasserie Georges karibu na stesheni ya Perrache, ilifunguliwa mwaka 1836 na Georges Hoffherr, mtengeneza bia kutoka Alsace, na ukumbi wake mkubwa hauna nguzo hata moja katikati. Raha ya mahali pa namna hii ni kwamba hakuna anayekufukuza mezani. Bili haiji mpaka uiombe. Wageni wengi hukasirika wakidhani wamesahauliwa, kumbe ndiyo adabu ya hapa. Weka nafasi kwa simu, hasa Ijumaa na Jumamosi, na fika kati ya saa moja na nusu na saa mbili usiku. Migahawa midogo hufunga jiko mapema kuliko braseri.

Kwa Waislamu, hapa pana mitego. Saladi ya Lyon huwa na vipande vya nyama ya nguruwe. Andouillette inaonekana kama soseji, kumbe ni matumbo, mara nyingi ya nguruwe, na harufu yake ni kali. Quenelle, yaani donge laini la samaki aitwaye brochet, ni afadhali, lakini mchuzi wake unaweza kutiwa mvinyo. Hata cervelle de canut, jibini changa iliyopigwa na majani ya vitunguu, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na siki, baadhi ya wapishi huitia mvinyo mweupe. Uliza kabla ya kuagiza: "Il y a du porc? Du vin?", yaani "Kuna nguruwe? Kuna mvinyo?" Mhudumu amezoea. Na mjue kwamba jibini nyingi za asili hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Anayelizingatia hilo aulize pia.

Sasa jibini yenyewe. Huja baada ya chakula, kabla ya kitamutamu. Mara nyingi mezani Lyon utachagua kati ya jibini nyeupe changa yenye krimu na Saint-Marcellin. Chukua Saint-Marcellin. Ni kiduara cha maziwa ya ng'ombe kutoka upande wa Isère, gramu 80 na ushei, chenye ngozi nyembamba iliyokunjamana. Ikiiva vizuri, ukiichoma kisu inamwagika kama uji mzito, ndiyo maana huletwa kwenye kibakuli. Ngozi unaila. Harufu ya zizi kidogo na uyoga ni ya kawaida. Ikikuchoma pua kama dawa ya choo, imepitiliza, na una haki ya kuirudisha.

Likija sinia la jibini kadhaa, anza na ya mbuzi changa, kisha laini, kisha ngumu kama Comté au Beaufort, umalizie na yenye ukungu wa buluu. Ukianza na hiyo ya buluu, ulimi hautaonja nyingine. Vipande vitatu au vinne vyembamba vinatosha. Kipande cha pembe tatu usikikate ncha: hapo huhesabiwa kuwa ndipo penye utamu zaidi, na ukiichukua peke yako umewanyima wenzako. Kata kwa urefu, kutoka ncha kuelekea ganda. Ganda la Comté huachwa.

Tumbo nalo lina usemi wake. Wengi wetu tulikulia pasipo maziwa mengi, na jibini changa inaweza kuleta gesi na kuhara usiku huo huo. Comté, ambayo hukomazwa miezi minne au zaidi, karibu haina ile sukari ya maziwa, kwa hiyo ndiyo ya kuanzia. Mjamzito aepuke jibini laini za maziwa yasiyochemshwa, kama Reblochon, kwa hatari ya bakteria wa listeria.

Asiye na yuro 30 asijinyime. Saint-Marcellin moja sokoni ni yuro chache, na mkate mrefu ni yuro moja na kitu. Itoe kwenye friji saa moja kabla ya kula, la sivyo ladha haitoki. Na mnaotaka niwaletee: Comté iliyofungwa bila hewa inavumilia safari, nikishaulizia kibali cha forodha. Saint-Marcellin haifiki, itavuja kwenye begi kabla ya Nairobi.